Namba Zilizoruka Mstari

Nimetengeneza kompyuta hapa Eldoret karibu miaka thelathini, na hakuna siku niliyoacha kuziogopa. Nawaambia mapema ili msije mkadhani mnamsikiliza fundi jasiri. Nilifanya kazi na mafundi jasiri, wengine wakiwa na akili kunizidi, na nimewaona wakifungua mashine ya watu kama mtu anayefungua soda. Mimi nilikuwa naomba kwanza. Mpaka leo nimestaafu, nikisikia ule mlio mdogo wa diski inayokwaruza, naacha nilichoshika.

Nyinyi vijana wa mtaa huu wa Pioneer mnanijia Jumapili baada ya kanisa, mmebeba laptop zenu kwa mabegi ya mgongoni, na swali ni lile lile. "Mama Nafula, OS gani ndiyo poa?" Mnataka nichague mfumo wa kuendesha kompyuta, kati ya ile ya madirisha na ile ya pengwini, ndipo mwende mkabishane vizuri. Haya, leo nitasema yote halafu tunyamaze. Ile ya madirisha ni kama binamu yangu mmoja wa Webuye: anakaribisha kila mtu, lakini ataamua kupaka nyumba rangi siku ile ana wageni. Ukiwa na haraka ndipo inaanza kujiapdeti, na inakuambia usizime. Ile ya pengwini haina maneno mengi. Itafanya kazi miaka mitano bila kukusumbua, lakini siku ikikataa printa, hiyo printa imekataliwa, hata ubembeleze namna gani. Zote mbili nimezitumia na zote mbili zimenitoa machozi. OS nzuri ni ile ambayo kazi yako ina nakala mahali pengine, kwa diski nyingine, na kama inawezekana, kwa nyumba nyingine.

Games pia mnaniuliza. Sina ubaya na games. Miaka ya kwanza nilicheza zile karata za kwenye kompyuta mpaka mzee aliyenifundisha kazi akazifuta. Kitu kimoja tu kinanitia wasiwasi: kwa game ukikufa, unabonyeza kitufe unaanza tena, na kidole kinazoea. Nimeona vijana wazuri sana wakibonyeza "ndiyo" kwa mashine ya kazi na kile kidole cha game.

Na habari za sayansi, hizo mnanisomea kwa simu. Kwamba siku hizi kuna mashine inasoma picha ya eksirei kushinda daktari, na nyingine unaiuliza swali inakujibu kama mtu aliyesoma. Naamini. Wala sisemi ni uongo. Lakini nyinyi mkinisomea mnafurahi, na mimi naogopa, kwa sababu najua mashine hiyo ikifika kwetu itakaa wapi. Itakaa kwenye kachumba nyuma ya maabara, imechomekwa kwa soketi iliyolegea, na fundi atakayeiunganisha atakuwa mtu kama mimi, siku ya Jumanne, ana njaa, anataka kumaliza aende.

Wacha niwaambie kwa nini nasema Jumanne.

Lakini nianze na Mzee Okumu, yule aliyenifundisha kazi, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kosa langu lilikuwa kubwa kiasi gani. Mzee Okumu alikuwa mtu wa Siaya, mrefu, aliyevaa tai kila siku hata akiwa amelala chini ya meza kuvuta kebo. Alikuwa na karakana ya kompyuta juu ya duka la viatu mjini, na alinichukua wakati hakuna mtu aliyetaka kuajiri mwanamke kwa kazi hiyo. Wateja wakiingia walinipita wakimtafuta fundi. Yeye alikuwa anawaambia bila kuinua macho, "Fundi mmempita hapo mlangoni."

Mwaka wangu wa kwanza nilifuta diski ya karani wa parokia. Kulikuwa na diski mbili mezani, zinafanana kama mayai, na sikuwa na shaka yoyote ni ipi. Majina ya watoto waliobatizwa miaka kadhaa yakaenda. Mzee Okumu hakunipigia kelele. Alinipeleka kwa huyo karani, akaniketisha, akaniambia nichape majina yote upya kutoka kwa vitabu vya parokia. Ilinichukua wiki tatu. Nilijifunza kwamba kuna watu wengi sana wanaoitwa Wanjala. Siku ya mwisho alikuja kunichukua tukarudi naye kwa miguu.

"Wakati unafuta, ulikuwa unaogopa?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee. Nilikuwa na uhakika."

"Basi hapo ndipo ulikosea. Hii mashine haiogopi kitu. Ukiiambia ifute nyumba ya Mungu, itafuta. Lazima mtu mmoja kwa hicho chumba aogope, na hakuna mwingine ila wewe."

Alikuwa na sheria nyingi, na nyingi zilikuwa za kuchosha. Andika kwa karatasi kabla hujagusa. Chora kila kebo imetoka wapi inaingia wapi, siku hizi mnaweza kupiga picha. Usishike bisibisi na simu kwa wakati mmoja. Na ile kubwa kuliko zote: ukihamisha kazi kutoka mashine ya zamani kwenda mpya, usizime ya zamani mpaka zote mbili zifanye kazi pamoja wiki mbili, na kila jioni ulinganishe. Hiyo niliifuata miaka mingi. Nilichekwa kwa sababu yake, lakini niliifuata.

Sasa, miaka mingi baadaye, Mzee Okumu alikuwa amesharudi kwao kupumzika, nami nilikuwa nimeajiriwa na hospitali moja ndogo ya binafsi upande wa Yamumbi. Msiitafute, ilifungwa, na jengo lenyewe siku hizi ni kitu kingine. Kwa mambo ya kompyuta nilikuwa peke yangu. Maabara yao ilikuwa na kompyuta ya zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, yenye feni inayolia kama posho mill ya kusaga mahindi. Ndani yake kulikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya majina ya wagonjwa wa siku hiyo, vile walivyokuja kwa foleni. Ya pili ilikuwa ya majibu yao ya vipimo. Programu ilikuwa inaziunganisha mstari kwa mstari: mtu wa kwanza na jibu la kwanza, wa pili na la pili, halafu inatuma karatasi wodini na kwa daktari. Kama mtu amechoka kungoja akaenda nyumbani, jina lake lilibaki na mstari wa jibu lake ulikuwa mtupu. Kompyuta ya zamani ilikuwa inajua kuheshimu huo mstari mtupu.

Msimamizi wa hospitali, Bwana Simiyu, alinunua kompyuta mpya yenye OS mpya. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, inawaka kabla hujaketi vizuri. Siku ya Jumanne nikahamisha kila kitu. Nikajaribu mistari kumi ya kwanza ya siku hiyo, nikilinganisha na daftari kubwa la maabara ambalo Kizito, mtu wa maabara, alikuwa bado anaandika kwa mkono. Yote kumi ilikuwa sawa.

Bwana Simiyu akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mama Nafula, imeisha?"

"Imeingia. Lakini ile ya zamani tuiache hapo wiki mbili, zifanye kazi pamoja."

"Tuiache wapi? Meza ni moja. Na Kizito analalamika kelele ya hiyo feni."

Kizito alicheka. Mimi nilitazama ile mpya, ikiwa kimya na inang'aa, na nikajiona kama mtu anayetaka kufunga ng'ombe kwenye gari ndipo liende. Niliogopa kuonekana mshamba kuliko nilivyoiogopa mashine. Nikaizima ya zamani, nikakunja kebo zake vizuri, nikaibeba mpaka stoo. Nikaenda kula.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Kila mtu alisifu ile mashine mpya, na mimi nilipokea sifa.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikuwa wodini natoa karatasi iliyokwama kwa printa. Nikasikia manesi wanacheka. Sista Jerop, nesi mkuu wa wodi hiyo, mama mtaratibu ambaye hacheki ovyo, alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.

"Mama Nafula, kuja uone. Huyu mzee wa kitanda cha sita ako na mimba."

Akanipa karatasi. Jina lilikuwa la mzee wa miaka sitini na kitu, kitanda cha sita, kila herufi sawasawa. Chini yake, kipimo kilionyesha ni mjamzito. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kitandani anacheka nao, anauliza sasa mke wake atamwambia nini.

Sikucheka. Niliisoma ile karatasi mara ya pili. Karatasi ilikuwa safi, imepigwa vizuri, jina halijakosewa. Kama mzee huyu alikuwa na majibu ya mwanamke, basi huyo mwanamke alikuwa na majibu ya nani? Na yule aliyemfuata?

"Sista," nikamwuliza, "wiki hii nani amepewa dawa kwa sababu ya hizi karatasi?"

Aliniangalia. Kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo, na akasema, "Wote."

Tulisimamisha kila kitu. Kizito akaleta daftari lake kubwa, na mimi nikachukua rula, tukaanza kulinganisha mstari baada ya mstari, yeye anasoma daftari, mimi nasoma skrini. Jumanne yote ilikuwa sawa. Jumatano ikawa sawa mpaka mstari wa kumi na nne. Hapo kulikuwa na mtu aliyetoka kwa foleni bila kupimwa. Ile programu, ikiwa juu ya OS mpya, ilikuwa imeuruka mstari mtupu kana kwamba haupo, ikavuta majibu yote yaliyobaki juu hatua moja. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa amepewa majibu ya yule aliye nyuma yake. Alhamisi vile vile. Ijumaa vile vile. Kizito akaishika rula upande wa pili, tukaendelea kushuka nayo.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kazi. Nilijaribu mistari kumi ya kwanza. Mistari ya kwanza huwa mizuri kila mahali, hata kwa mashine mbaya. Mkijaribu kitu, jaribuni katikati na mwisho, na mtafute wale watu wa ajabu: aliyekosa jibu, wawili wenye jina moja, mtoto wa siku moja ambaye bado hana jina, mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa. Kosa hukaa hapo linangoja. Na likitoka halitoki na moshi wala kelele. Linatoka limeandikwa vizuri kwa karatasi safi. Hiyo ndiyo sababu naogopa mashine inayojibu kwa sentensi nzuri.

Daktari alipita kitanda kwa kitanda. Kuna aliyekuwa amepewa dawa ya malaria bila malaria. Kuna mama aliyekuwa amenyimwa dawa aliyostahili siku mbili, akaanza kupewa saa hiyo hiyo. Waliokuwa wameenda nyumbani walipigiwa simu na wakaanza kurudi, wengine wakilalamika. Kufikia saa tisa tulikuwa tumebaki na mtu mmoja.

Jina lake lilikuwa Barnaba, mkulima wa Soy. Damu ilikuwa imewahi kumganda mguuni, kwa hivyo alikuwa anameza dawa ya kuifanya nyepesi, na kila baada ya wiki kadhaa alikuja kupimwa imekuwa nyepesi kiasi gani. Sista Jerop alinieleza polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Namba ya mtu kama huyo inatakiwa ikae kati ya mbili na tatu. Jumatano, kwa daftari la Kizito, ya Barnaba ilikuwa nne na nusu. Damu yake ilikuwa tayari nyepesi kupita kiasi. Alifaa aambiwe asimeze dawa kabisa kwanza. Lakini karatasi iliyomfikia daktari ilisema moja nukta mbili, namba ya mama aliyekuwa nyuma yake kwa foleni, ambaye naye alikuja kwa kipimo hicho hicho. Daktari akaona damu ni nzito. Akaongeza dawa mara mbili. Barnaba akaibeba akaenda nayo nyumbani.

"Siku mbili sasa," Sista Jerop akasema. "Mtu kama huyo anaweza kujigonga kichwa kidogo tu kwa mlango, damu imwagike ndani, hakuna mtu ajue mpaka amelala na haamki."

Nilipiga simu yake. Haikupatikana. Nikapiga tena, na tena, mpaka ile sauti ya mwanamke anayesema haipatikani ikaanza kunichukiza.

Bwana Simiyu alituita ofisini akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, kama mimi.

"Tukiulizwa tutasema ni system," akasema. "System iliharibika. Mambo ya kompyuta watu wanaelewa. Hakuna haja ya kutaja mtu."

Nawaambia ukweli, nilitaka kukubali. Ile sentensi ilikuwa tamu. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na jina zuri mjini. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa tu, "Twende tumtafute kwanza." Huo haukuwa ushujaa. Nilikuwa nasukuma jibu mbele.

Tulienda Soy na gari la hospitali, mimi na Sista Jerop na dereva. Sista alikuwa na begi lenye sindano ya dawa inayosaidia damu igande tena. Ilikuwa msimu wa kuvuna mahindi, trekta zimejaa barabarani na kila trekta tuliyofuata niliichukia. Nilifikiria panga. Ni watu wangapi hujikata kidogo siku ya kuvuna na wanafuta kwa shati wanaendelea? Tulipofika sokoni nikateremka kwa duka la dawa za mifugo, nikamwuliza mama aliyekuwa anauza.

"Barnaba yupi?" akasema. "Kuko Barnaba wa ng'ombe na Barnaba wa mguu."

"Wa mguu."

"Pita kanisa ile ya mabati, halafu uingie kwa mti ya krismasi mbili. Ako sawa?"

Nilisema ndiyo, nikarudi garini mbio.

Mke wake alikuwa uani anaanika mahindi juu ya turubai. Alitusalimu kwa mikono miwili, akataka kutuletea viti. Sista Jerop alimwuliza mzee yuko wapi.

"Ameenda shamba. Nilimwambia apumzike, akasema daktari amemwongezea dawa, sasa ako na nguvu."

Nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo. Leso tatu za mwanamume zilikuwa zimeanikwa, zimefuliwa vizuri, na doa la rangi ya chai lilikuwa limebaki katikati ya kila moja.

"Mama, hizi leso ni za nini?"

"Ni pua," akasema. "Tangu jana. Anasema ni vumbi ya mahindi."

Tulikimbia. Sista Jerop alikuwa mnene na mimi nilikuwa na viatu vya ofisi, na mabua yaliyokatwa yalituchoma kama misumari. Tulimkuta ameketi juu ya rundo la mabua, ameinamisha kichwa, leso ya nne puani. Panga lilikuwa karibu na goti lake.

"Mzee Barnaba, usisimame," Sista akamwambia. "Kaa hivyo hivyo."

Alituangalia kwa mshangao. "Sista. Umetoka huko mbali kuniona mimi?"

"Umejigonga mahali? Kichwa?"

"Hapana. Ni pua tu." Akatabasamu ili kututuliza, na meno yake yote yalikuwa mekundu.

Kwa mkono wake kulikuwa na alama nyeusi pana kama kiganja. Ng'ombe alikuwa amemsukuma kidogo asubuhi wakati wa kukamua, akasema, kitu kidogo tu. Sista Jerop alimdunga sindano pale pale. Halafu tukambeba, dereva na sisi na jirani mmoja, kama watu wanaobeba kioo. Kwa gari niliketi nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na kila shimo la barabara nililisikia kwanza mimi. Dereva akienda polepole nilitaka akimbie, na akikimbia nilitaka aende polepole.

"Na wewe ni daktari?" Barnaba akaniuliza.

"Hapana, Mzee. Mimi ni mtu wa kompyuta."

Alifikiria. "Kompyuta inatafuta nini kwa shamba yangu?"

Nilimwambia asiongee, apumzike.

Alilazwa. Siku ya kwanza pua ilikataa kuacha. Jumamosi asubuhi akasema kichwa kinamuuma, na daktari akampeleka haraka hospitali kubwa apigwe picha ya kichwa. Sikuweza kukaa wodini. Nilienda stoo, nikaketi chini karibu na ile kompyuta ya rangi ya maziwa, nikangoja huko kwa sababu hapo hakuna mtu angeniona. Nilijaribu kuomba na nikagundua kwamba nahesabu siku: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Halafu nikainuka nikaibeba hiyo mashine mpaka maabara. Kizito alihamisha vitu vyake mezani bila kuulizwa. Niliiwasha, feni ikaanza kulia, na hakuna mtu aliyelalamika.

Adhuhuri walirudi. Picha haikuonyesha damu kichwani. Mke wake ndiye aliyesema, kwa upole, kwamba huyu mtu hajakunywa chai ya maziwa tangu jana, na bila chai kichwa chake huuma kila wakati. Wakampa chai. Kichwa kikaacha. Sista Jerop alitoka akaenda kwenye korido akalia, akarudi akaendelea na kazi.

Jumatatu namba yake ilikuwa imeshuka mahali salama. Nikaenda kitandani kwake. Bwana Simiyu alikuwa ameshapita hapo akamwambia pole, ilikuwa system.

"Mzee," nikasema, "sio system. Ni mimi. Nilihamisha kazi kwa mashine mpya, sikungoja kuona kama inafanya sawa, nikazima ile ya zamani siku hiyo hiyo. Namba uliyopewa haikuwa yako."

Mke wake alikuwa anamenya chungwa. Akaacha.

Barnaba alijiinua kwa kiwiko. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya mama mmoja aliyekuwa nyuma yako kwa foleni."

"Yule wa kitambaa ya kijani? Alinipea nafasi ya kukaa kwa benchi sababu ya mguu. Yeye ako sawa?"

"Alirudi akapimwa tena. Ako sawa."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniangalia, na hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Unajua," akasema, "hata mimi niliona ni ajabu. Mwezi uliopita daktari aliniambia damu ni nyepesi, nipunguze, na sasa anasema niongeze. Nilitaka kuuliza. Lakini karatasi ilikuwa na jina yangu. Ikishakuwa na jina yangu, ningeuliza nini?"

Nimeshasikia mambo mengi makali maishani, na hilo ndilo limekaa ndani zaidi.

Niliandika ripoti na kuiwekea jina langu. Bwana Simiyu aliisoma akiwa amesimama. Hakunifukuza, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mashine zile, lakini alinipa barua ya onyo, na nilipostaafu ilikuwa bado ndani ya faili yangu. Nyumbani nilimwonyesha mume wangu hiyo barua. Aliisoma mara mbili, akaniuliza huyo mzee yuko hai, nikasema yuko hai, akairudisha kwa bahasha. Tuliziendesha zile mashine mbili pamoja miezi miwili, sio wiki mbili, mpaka nikapata mtu wa kurekebisha ile programu.

Barnaba aliruhusiwa kwenda nyumbani na sharti moja ambalo alimwambia daktari nikiwa nasikia: ataendelea kuja, lakini karatasi hataki. Mama wa kompyuta atamsomea mwenyewe kutoka kwa daftari la mkono.

Kwa hivyo kila siku yake ya kliniki, miaka yote iliyobaki ya kazi yangu pale, niliacha nilichokuwa nafanya nikaenda kwa benchi na daftari kubwa la Kizito. Barnaba alikuwa anavua kofia, anaiweka kwa goti la ule mguu.

"Soma jina kwanza," alikuwa anasema.

Nasoma jina.

"Na ya baba."

Nasoma la baba.

"Sasa namba."

Naweka kidole chini ya mstari, nasoma.

"Ni yangu?"

"Ni yako, Mzee. Nimeangalia mara mbili."

"Angalia ya tatu," anasema, na mimi naangalia.